Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Uchawi: Yafanana, Lakini Si Mamoja

Mtu ajifunzaye Kiingereza hupata taabu ya namna mbili. Taabu ya kwanza ni pale Kiingereza kilipo na neno moja na Kiswahili kina maneno mengi. Kwa mfano, Mwingereza husema rice tu, nasi twasema mpunga, mchele na wali. Taabu ya pili ni kinyume chake: sisi twatumia neno moja, na Kiingereza kina maneno kumi. Neno uchawi ni la namna hii ya pili. Ukifungua kamusi utaona witchcraft, utaona sorcery, utaona magic, na chini yake utaona spell, charm, curse na mengine tele. Yamepangwa pamoja kama watoto wa mama mmoja, na mwanafunzi asiye mwangalifu hudhani kuwa aweza kuchukua lo lote alitakalo.

Kazi ya kuyatenga si ya darasani tu. Maneno haya huandikwa katika malalamiko ya watu kwa machifu, katika taarifa za polisi, katika magazeti na katika kumbukumbu za mahakama. Mzee hutoa ushahidi kwa lugha ya kwao, mkalimani huugeuza kwa Kiingereza, na hakimu huandika neno la mkalimani, si neno la mzee. Ikiwa mzee alisema habari za mganga, na mkalimani akatamka witch, basi mtu aliyekuwa akitibu ameandikwa kuwa mtu aliyekuwa akidhuru. Neno kama hilo likishaandikwa ni vigumu kulifuta, na zaidi ya hayo, likishasikiwa sokoni ni vigumu kulizima.

Basi, msomaji, kila uonapo neno la jamii hii, ujiulize maswali manne. Je, lataja mtu, kitu, au tendo? Je, tendo hilo ni la kudhuru, la kuponya, la kutazamia, au la mchezo tu? Je, nguvu yasadikiwa kuwa imo ndani ya mtu mwenyewe, au katika dawa na maneno atumiayo? Na la mwisho, je, mtu huyo asemwa kuwa ametenda, au asemwa kuwa amejidai tu kuwa aweza kutenda? Ukiyashika maswali haya manne, hutapotea.

WITCHCRAFT NA SORCERY

Maneno haya mawili ndiyo yachanganywayo zaidi, hata na Waingereza wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku Mwingereza aweza kutumia lo lote kati ya haya mawili, wala hakuna atakayemkosoa. Lakini wataalamu wachunguzao desturi za watu huyatenga, nao walifuata mfano wa E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa kati ya Wazande na kuandika juu yao kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1937. Nchi ya Wazande leo imegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Mtaalamu huyo aliona ya kuwa Wazande hutenga mambo mawili. Kwanza kuna mangu, kitu wanachosadiki kuwa kimo tumboni mwa mtu, ambacho baba humrithisha mwana wa kiume na mama humrithisha binti. Mwenye mangu hana haja ya dawa wala ya maneno. Chuki yake na wivu wake vyatosha, na pengine hata mwenyewe hajijui kuwa anacho. Jambo hilo Evans-Pritchard aliliita witchcraft. Pili kuna ubaya ufanywao kwa dawa, na kwa maneno yasemwayo juu ya dawa hiyo. Huo mtu hazaliwi nao; hujifunza kwa mwingine au hununua. Huo aliuita sorcery.

Kiswahili hakikosi njia ya kuonyesha tofauti hiyo. Tusemapo kuwa fulani ana kijicho, na kwamba akitazama shamba la mwenzake mahindi hunyauka, twasema jambo lililo ndani ya mtu. Tusemapo kuwa fulani amezika dawa mlangoni pa jirani yake usiku, twasema jambo la mkono na la vitu. Kwa hiyo, ukitafsiri maneno ya wataalamu, usiandike uchawi mara zote mbili ukaacha msomaji gizani. Andika, uchawi wa kuzaliwa nao, kisha andika, ulozi wa kutumia dawa. Maneno ni mengi zaidi, lakini maana ni safi.

Asili ya neno sorcery nayo yafaa kujulikana. Latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kura, likapita katika Kifaransa kabla ya kuingia Kiingereza. Yaani hapo kale mtu wa jina hili alikuwa mpiga kura, mtu wa kutazamia mambo yajayo, kama mpiga ramli au mpiga bao wa kwetu. Baadaye jina la mwenye kutazamia likageuka likawa jina la mwenye kudhuru. Shika jambo hili, msomaji, maana tutaliona tena.

MAGIC, MAGICIAN NA CONJUROR

Neno magic ni pana kuliko yote. Lataja kila tendo linalosadikiwa kuwa na nguvu zipitazo maumbile ya kawaida, liwe jema au baya. Ndiyo maana Waingereza huongeza rangi: black magic ni la kudhuru, na white magic ni la kusaidia. Ukikuta magic peke yake, usiharakishe kuandika uchawi, kwa sababu uchawi wa Kiswahili daima ni mbaya, na magic si mbaya daima.

Wako wasomaji watakaostaajabu kusikia kwamba neno hili ni jamaa ya neno wanalolijua tangu utotoni. Wale wageni waliotoka mashariki kumtazama mtoto Yesu, ambao Biblia ya Kiswahili huwaita mamajusi, kwa Kiyunani waliitwa kwa jina lililozaa neno magic. Jina hilo lilitoka Uajemi, nalo lilikuwa jina la makuhani wa huko waliosifiwa kwa elimu. Likaja kwetu kwa njia ya Waarabu kuwa majusi, likaenda Ulaya kwa njia ya Wayunani likawa magic. Hapa tena twaona jambo lile lile: jina la watu wenye elimu, likipita vinywani mwa watu wasiowajua, hugeuka kuwa jina la watu wa kuogopwa.

Katika Kiingereza cha leo magician, mara nyingi, ni mtu wa mchezo, mwenye kutoa sungura katika kofia au kukata kamba na kuiunga tena mbele ya watazamaji. Kazi yake kwa Kiswahili ni kiinimacho au mazingaombwe, si uchawi. Conjuror ni mtu huyo huyo. Lakini conjure ina historia yake. Kwa Kilatini ilikuwa kuapa pamoja. Kisha ikawa kuita pepo kwa kiapo. Na mwisho imekuwa mchezo wa kuwafurahisha watoto. Kwa hiyo ukisoma katika kitabu cha zamani kwamba mtu alishtakiwa kwa ajili ya conjuration, usidhani kwamba alishtakiwa kwa kuchezea karata.

WITCH NA WIZARD

Mchawi kwa Kiswahili aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Neno witch nalo, katika Kiingereza cha kale, lilitumika kwa wote wawili. Leo mambo yamebadilika. Mwingereza asikiapo witch huona moyoni mwake mwanamke, tena mwanamke mzee, mwenye kofia ndefu na ufagio, kama katika hadithi za watoto. Hivyo mkalimani atamkapo witch habadilishi lugha tu. Amekwisha kuingiza uke na uzee katika ushahidi ambao haukuvitaja.

Wizard ni la mwanamume. Asili yake ni neno lenye maana ya hekima, na mwanzo lilikuwa sifa ya mtu mwenye akili. Hata leo lina sifa ndani yake. Gazeti likiandika kuwa fulani ni wizard wa hesabu au wa kandanda, lamsifu kwa ufundi wake. Witch haitumiki hivyo. Mwanafunzi atakayemwandikia mwalimu wake wa kike kwamba ni witch wa hesabu, akidhani ametafuta tu uke wa wizard, atakuwa ametukana alipotaka kusifu.

WITCH-DOCTOR NA MAJINA YA WAGANGA

Sasa tumefika mahali penye hatari kubwa kuliko zote. Witch-doctor ni neno lililofanywa kwa maneno mawili, mchawi na tabibu. Zamani, huko Uingereza kwenyewe, lilimaanisha mtu atibuye waliorogwa, yaani adui wa mchawi. Baadaye wasafiri wa Ulaya walilichukua, wakawabandika kwalo waganga wote wa Afrika, bila kutenga atibuye tumbo, atazamiaye kwa ramli, afanyaye tambiko la mvua na aungaye mifupa. Mwisho wake ni kwamba wasomaji wengi wa Kiingereza husikia lile neno la kwanza tu, wakadhani kuwa witch-doctor ni mchawi mwenye cheo.

Lakini tazama lugha zetu wenyewe. Wakamba hutenga uoi na uwe. Muoi ni mwenye kudhuru, na mundu mue ni mwenye kutibu na kutazamia. Wakikuyu husema murogi kwa yule mbaya, na mundu mugo kwa mganga. Wajaluo husema jajuok kwa mtu wa usiku, na ajuoga kwa mtu anayeendewa kwa msaada. Kiswahili chasema mlozi na mganga, na ye yote ajuaye lugha za Kibantu ataona kwamba mlozi na murogi ni shina moja, na kwamba jina la mganga lajulikana mpaka kule Kongo, ambako husema nganga. Maana yake ni kwamba wazee wetu waliwatenga watu hawa wawili tangu zamani sana. Hakuna mtoto wa kijijini awezaye kuwachanganya. Ni tafsiri tu iwachanganyayo.

Basi lipi litumike? Yafaa kutaja kazi ya mtu. Atibuye kwa mizizi na majani ni herbalist. Atibuye kwa njia za jadi kwa jumla ni traditional healer. Apigaye ramli au bao, au aaguaye chanzo cha ugonjwa, ni diviner. Azalishaye ni midwife. Aungaye mifupa ni bonesetter. Na mtu afanyaye kazi mbili au tatu, mtaje kwa kazi ile inayohusu shauri lililo mbele yako. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ilitenga sehemu yake moja kwa habari za tiba za asili. Hakuna sababu basi mwandishi awatupe wote katika kikapu kimoja chenye jina la witch.

SPELL, CHARM, AMULET NA TALISMAN

Spell ni maneno. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya usemi au habari tu, na ndiyo sababu limo hata katika neno gospel, yaani habari njema, ambayo sisi twaiita Injili. Baadaye spell likawa maneno yenye nguvu yanayotamkwa juu ya mtu au kitu. Kwa hiyo spell husemwa. Haivaliwi wala haizikwi. Mwanafunzi asichanganye neno hili na spell la kutaja herufi, wala na a spell of rain, ambalo ni kipindi cha mvua.

Charm ni neno lenye sura tatu. Asili yake ni Kilatini, nalo lilikuwa na maana ya wimbo; kwa hiyo mwanzo lilikuwa ni maneno ya kuimba. Leo zaidi ni kitu: ushanga, pembe, kipande cha ngozi, kilichofanyiwa maneno hayo. Na sura yake ya tatu ni uzuri wa tabia. Mwingereza akisema kwamba binti yako ni charming, amemsifu kuwa ana haiba na adabu. Hakusema kwamba amevaa hirizi. Enchanting nalo ni hivyo hivyo, maana latoka katika kuimba. Baba asiyejua jambo hili aweza kuanza ugomvi na mgeni aliyekuja kwa heshima.

Glamour nalo yafaa litajwe hapa. Asili yake ni neno grammar, yaani sarufi, lililogeuzwa matamshi huko Scotland. Watu wasiojua kusoma walidhani kuwa mwenye kusoma vitabu vikubwa hana budi kuwa ana nguvu za siri; hivyo elimu ya sarufi ikawa jina la kuroga macho, na leo ni jina la urembo. Hii ni mara ya tatu katika somo letu kuona elimu ikigeuzwa uchawi na watu wasioielewa.

Amulet ni kitu avaacho mtu ili kujikinga, nacho ndicho hirizi yetu hasa. Hirizi yenyewe ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuhifadhi. Talisman nacho ni kitu chenye nguvu, lakini mara nyingi hudhaniwa kuleta bahati au kulinda mahali, wala si lazima kivaliwe. Wazungu walilipata neno hili kwa Waarabu, nasi pia, na kwa Kiswahili ni talasimu. Fingo lililozikwa ili kulinda nyumba au mji lingefaa kuitwa talisman kuliko amulet. Tofauti hii yaweza kuwa kubwa. Ukiandika kwamba mtu alikutwa na charm, hukusema kama kilikuwa cha kujilinda au cha kudhuru. Ukiandika kwamba alikutwa na protective amulet, umesema.

CURSE, OATH NA ORDEAL

Curse ni laana au apizo. Tofauti yake na uchawi ni kwamba laana hutamkwa wazi, na mara nyingi na mtu mwenye haki ya kuitamka, kama mzazi aliyedharauliwa au wazee wa ukoo. Mchawi hujificha, mwenye kulaani hataki kujificha. Kwa hiyo, baba aliyesema mbele ya watu kwamba mwanawe asiyemtii hatafanikiwa, msimwandike kwamba alifanya witchcraft.

Oath ni kiapo. Mtu hujifunga mwenyewe, akiomba mabaya yampate ikiwa asema uongo. Kithitu cha Wakamba ni kitu cha kuapia. Chaogopwa sana, lakini kuogopwa hakukifanyi kuwa uchawi, maana huletwa mchana mbele ya wazee ili kumaliza shauri.

Kiswahili chatumia kiapo pia kwa jambo la tatu, ambalo Kiingereza hulitenga kwa neno lake, nalo ni ordeal. Hapa mshukiwa hupimwa kwa jambo la hatari, kama kulamba shoka la moto au kunywa mwavi, na mwili wake ndio utoao hukumu. Aapaye mahakamani akishika Biblia au Kurani ametoa oath. Aliyelazimishwa kunywa mwavi amepatwa na ordeal. Ukiandika oath kwa habari ya huyu wa pili, umeficha kwamba alinyweshwa sumu.

MEDICINE, POISON NA POTION

Dawa ni neno lenye mlango mpana. Twasema dawa ya malaria, dawa ya panya, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi, na twasema pia kwamba mtu ametiliwa dawa. Kiingereza hakiruhusu upana huo. Dawa iponyayo ni medicine. Dawa iuayo ni poison. Kinywaji kilichotengenezwa kwa nguvu za siri ni potion, kwa mfano cha mapenzi. Ajabu ni kwamba poison na potion yametoka katika neno moja la Kilatini lenye maana ya kinywaji tu.

Shahidi akisema, “Alimpa dawa, kisha akafa,” mkalimani afanye nini? Asitamke medicine, maana atamfanya mshtakiwa kuwa tabibu. Asitamke poison, maana atamfanya kuwa mwuaji kabla ya hukumu. Njia ya haki ni kumwomba hakimu ruhusa ya kumwuliza shahidi ataje dawa gani, au kulitaja neno dawa lenyewe na kueleza kwamba lina maana zote mbili. Mkalimani aulizaye haonyeshi ujinga; aonyesha uaminifu.

PRACTISE, PRETEND NA ACCUSE

Maneno haya matatu si ya uchawi, lakini hufuatana nao katika sheria, na maisha ya watu yamesimama juu yake. Practise ni kutenda. Pretend ni kujidai. Accuse ni kushtaki au kumsingizia mtu.

Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1604 iliwatisha wachawi kwa adhabu ya kifo. Iliamini kwamba yupo atendaye. Huko Marekani, katika mji wa Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa shtaka hilo. Kisha ikaja sheria ya Uingereza ya mwaka 1735, ikabatilisha ile ya 1604. Tangu hapo kosa halikuwa kuwa mchawi, bali kujidai kuwa na nguvu hizo, na adhabu ikawa kifungo. Sheria hiyo nayo iliondolewa mwaka 1951. Tazama neno moja lilivyogeuza mambo: practise lilipotoka na pretend likaingia, mti wa kunyongea ukaondolewa.

Sheria ya Uchawi iliyotungwa Kenya mwaka 1925 ilifuata njia hiyo. Ilimkataza mtu kujidai kuwa na nguvu za uchawi kwa kusudi la kutisha, kuudhi au kudhuru. Pia, jambo ambalo wengi hawakulijua, ilifanya kuwa ni kosa kumshtaki mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa kama shtaka hilo lapelekwa kwa chifu, kwa polisi au kwa mwenye mamlaka mwingine. Yaani mwenye kupiga kelele sokoni, “Huyu ni mchawi!” aliweza kufungwa yeye.

Sababu ya onyo hilo yaonekana katika mambo yaliyotokea. Mwaka 1932, mahakama kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya wanaume 70 wa Ukambani walioshtakiwa kwa kumpiga mwanamke mmoja mpaka akafa, wakisema kwamba alikuwa mchawi. Watu 60 walihukumiwa kifo, ingawa baadaye adhabu hiyo iligeuzwa kuwa kifungo. Mbele ya Mwingereza walikuwa wauaji. Machoni pao wenyewe walikuwa wamelinda kijiji. Mwanamke yule hakupata nafasi ya kueleza neno lo lote. Wala mambo hayo hayakuishia zamani. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Kisii, wazee 11 walichomwa moto mpaka wakafa kwa kuitwa wachawi, na mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa huko huko kwa jina hilo hilo. Katika kila habari kama hiyo, jina hutangulia na moto hufuata.

Kwa hiyo, uandikapo habari kama hizo kwa Kiingereza, usiseme a witch was killed, maana umekubali kwamba aliyeuawa alikuwa mchawi. Sema a woman accused of witchcraft was killed. Hata kwa Kiswahili, usiandike, “Mchawi auawa,” bali andika, “Mwanamke aliyesingiziwa uchawi auawa.” Msadiki uchawi na asiyesadiki waweza wote wawili kuandika hivyo bila kuvunja imani yao, kwa sababu sentensi hiyo yasema lililojulikana na kuacha lisilojulikana.

MAZOEZI

Funika majibu yaliyo chini, kisha utafute neno la Kiingereza lifaalo kwa kila sentensi.

1. Bibi yule huchemsha mizizi na kuwapa wagonjwa wa tumbo.
2. Mzee alitandaza mchanga akapiga ramli, akasema mbuzi ameibwa na mtu wa karibu.
3. Mtoto amefungwa hirizi shingoni asipatwe na husuda.
4. Kijana alitoa hua katika leso, na watoto wa shule wakapiga makofi.
5. Mama alisema mbele ya ukoo kwamba mwanawe aliyempiga hatapata raha duniani.
6. Mtu huyu aliwaambia wanakijiji kwamba asipolipwa fedha ataleta radi juu ya nyumba zao.

Majibu: 1. herbalist. 2. diviner. 3. amulet. 4. conjuror au magician. 5. curse. 6. Hapa neno ni pretend. Hatukuambiwa kwamba radi ilikuja, twaambiwa tu kwamba alijidai na kutisha. Aliyejibu witch katika sentensi yo yote kati ya hizi sita na arudie somo tangu mwanzo, kwa maana hakuna hata moja iliyomtaja mchawi.

Twamaliza kwa shauri dogo. Majina wizard, mamajusi na sorcerer yalianza kama majina ya wenye hekima, ya wenye elimu na ya wenye kutazamia, yakaharibiwa na watu waliotamka bila kuuliza. Mganga wa kwetu naye aweza kupatwa na hayo katika kalamu ya karani mmoja mwenye haraka, na mwanamke mzee akaaye peke yake aweza kupatwa na makubwa zaidi. Unaposita kati ya maneno mawili, taja tendo ulilolijua, uache jina usilolijua. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona baada ya siku chache. Lakini neno lililomtoka mtu hubaki likitembea kwa miguu ya wengine.